Agapiti na Bilauri Nyekundu ya Namawala

Amiminaye kinywaji huonja kwanza. Na yeyote akunjaye uso mbele ya bilauri, awe kijana au mzee, hulipa jogoo. Sheria hii hakuna asiyeijua, tangu Mkula hata Namawala. Basi nyamazeni, enyi wana wa bonde la Kilombero, zimeni simu zenu, mkasikie vita alivyopigana Agapiti, dereva wa Ifakara, Mshika-usukani asiyetishwa na tope la masika.

Mzee Faustin wa Namawala, baba wa Digna, alikuwa ametoa tamko: “Binti yangu haolewi na mlevi, wala haolewi na bahili atakayeniletea soda kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Aninyweshe, asinileweshe!” Wachumba wawili walikwisha kuangamia katika tamko hilo.

Siku ya posa Agapiti akaingia ukumbini na silaha zake: chupa ya kileo chekundu cha Kiitaliano, kichungu na kitamu kwa pamoja, zawadi ya mhandisi aliyekuwa akimwendesha, maji ya soda, chungwa, na barafu aliyoipokonya sokoni mikononi mwa wachuuzi wa samaki. Akaipanga barafu kama askari gwarideni. Akamimina kileo kimo cha kidole, asizidishe. Akajaza maji ya soda, povu likapanda kama mto wakati wa mafuriko. Kisha kipande cha chungwa kikakaa juu yake kwa utukufu wa askofu kitini.

“Baba, naonja.”

Uchungu ukamvamia ulimini, ukamzingira kooni. Machozi yakaomba ruhusa ya kutoka, akayanyima. Uso ukabaki umenyooka kama rula.

Mzee Faustin naye akapiga funda. Lo! Paji likajikunja, masikio yakasogea.

“Hii dawa!” akanguruma, akinyoosha kidole. “Kama umetumwa na watu wa utafiti wa malaria, nitoboe kidole unipime damu basi, mbona unazunguka?”

“Baba Digna,” akasema mkewe, Balbina, “uso umekunja.”

“Sheria ni ya vinywaji, si ya dawa!”

“Na hilo funda la tatu ni dozi?”

Mzee akaitazama bilauri tupu, akajipima. “Sijalewa,” akakiri, kwa huzuni kidogo. “Mwanangu, hebu nimiminie nyingine, nisilewe tena.”

Hivyo ndivyo ngome ya Namawala ilivyoanguka pasipo mtu kupepesuka, nami nimeliandika jambo hili ili vizazi vijue. Jogoo akakamatwa, akachinjwa, akapikwa. Na Mzee Faustin mwenyewe akaitafuta firigisi sufuriani, ambayo mgeni wa kawaida hapewi, akaiweka kimya katika sahani ya mkwewe.