Muziki wa Dunia Nzima, Kota Namba Saba

Jumatatu, 2 Agosti 1971

Wiki ya tatu ya ndoa! Akoth ameamka kabla yangu, amechemsha chai, ameimba. Sauti hiyo! Nakuru nzima ingenyamaza kuisikiliza. Mimi Owino, karani wa mizigo hapa stesheni, sistahili. Nasema kweli, sistahili.

Maana kuna jambo. Nilipokuwa nikimchumbia nilimwandikia barua kumi na moja. Katika kila barua nilimsimulia muziki niliousikiliza kwangu jioni hiyo: violini za Vienna, ngoma za Kuba, zumari za Uskoti, filimbi za Bengali. Akanijibu kwamba hajawahi kumjua mwanamume mwenye nyumba pana kama dunia. Akakubali.

Ukweli: yote niliyasoma nyuma ya majalada ya santuri dukani kwa Gurdial, saa ya chakula cha mchana, nimesimama. Gramafoni ninayo, ya kuzungusha kwa mkono. Santuri ninayo moja. Ni tangazo la dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Leo ameuliza tena zile santuri za kwenye barua ziko wapi. Nikasema tena ziko Gilgil kwa rafiki, kwa sababu ya vumbi la Nakuru. Akasema vizuri, huyo rafiki azilete, kwa kuwa amealika watu Jumapili. Wanawake wote wa bombani wameshaambiwa.

Jumanne, 3 Agosti

Kimaiyo ananichukia. Ni dereva wa garimoshi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta katika kota hizi, nyumba za wafanyakazi wa reli. Asubuhi amenisimamisha mbele ya watu akitaka kujua hizo santuri huwa nazipiga saa ngapi. "Karani, tumelala ukuta mmoja miaka miwili. Muziki niliosikia kwako ni kukoroma tu." Watu wakacheka. Hata mkewe akacheka, ambaye juzi tu tulimpa chumvi!

Mchana nikaenda kwa Gurdial kuazima. Akasema duka si maktaba. Akaongeza kwamba mwaka mzima nimesoma majalada yake yote na sijanunua hata sindano. Mtu mgumu. Hajui mapenzi.

Ijumaa, 6 Agosti

Mungu yupo! Kasha limeshuka na treni ya mizigo kutoka Mombasa. Mwenyewe: Gurdial. Ndani: santuri. Mwenye kitabu cha mizigo: mimi!

Gurdial alikuja saa nne kuuliza. Nikamwambia halijafika. Akasimama pale dirishani mabega ya watu wengine yakimsukuma, akanieleza kwamba amelingoja miezi minne. Ndani kuna santuri moja ya Kipunjabi aliyoiagiza Bombay, nyimbo alizozipenda marehemu baba yake. Nikamwambia pole, mzee, jaribu Jumatatu.

Si wizi. Jumatatu atalipata kasha lake kama lilivyo. Ni kuchelewa tu, na mizigo huchelewa kila siku.

Jumamosi, 7 Agosti

Nimezileta nyumbani ndani ya gunia la viazi vya Kuresoi. Santuri sita! Akoth amezipanga mezani, amezipangusa moja moja kwa kanga yake mpya. Kisha, Mungu wangu, ametoa barua zangu na kuanza kulinganisha. Vienna ipo. Kuba ipo. Uskoti ipo. Bengali haipo. Nikasema yule rafiki wa Gilgil ameing'ang'ania.

Akaniangalia. Macho hayo! Kwa macho hayo ningechelewesha treni nzima na abiria wake.

Jumapili, 8 Agosti

Naandika kwa sababu hakuna mtu wa kuzungumza nami.

Saa tisa wageni kumi na wanne walikuwa wamebanana ndani. Nikatoa hotuba fupi kuhusu Vienna. Nikaweka sindano. Dakika tatu za raha! Kisha akasimama Mzee Obura, mjomba wa Akoth.

Kwetu Waluo, nyatiti, kile kinubi chetu, inapopigwa, mtu aliyeguswa humsimamisha mpigaji, humtupia senti, hujisifu yeye na watu wake, halafu nyuzi zinaendelea. Mwenyeji anayezuia jambo hilo amewatukana wageni. Nimekulia humo. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuisimamisha Vienna.

Mzee akatupa senti kumi juu ya santuri inayozunguka. Akaibamba sindano kwa kiganja. Krrrr! "Mimi Obura, fahali wa Alego, niliyevuka mto Nyando kwa miguu! Mjomba wa Akoth mwenye mwanya!" Vigelegele. Sindano ikarudishwa popote pale.

Basi wakapanga mstari. Kuba ilisimamishwa mara tisa. Uskoti haikufika mwisho. Nilijaribu kumnong'oneza mzee kwamba huyu mpigaji hatusikii. Akasema kwao kuna mpigaji kiziwi kabisa na hajawahi kurudisha senti ya mtu.

Ndipo Kimaiyo akaingia, akitabasamu, akasema amemleta mtaalamu wa santuri atusaidie kusikiliza. Nyuma yake: Gurdial.

Kabla sijafungua mdomo Akoth alikuwa amemkaribisha, akasema mgeni apewe muziki wa kwao. Akaweka santuri ya Kipunjabi. Gurdial akafumba macho. Machozi yakamshuka hadi ndevuni. Wimbo ulipofika katikati hakuweza kuvumilia. Akainuka, akatupa shilingi nzima, akaibamba sindano. Krrrr! "Mimi Gurdial, simba wa barabara ya stesheni! Mtoto wa fundi aliyepiga misumari ya reli hii mpaka Kisumu!" Nyumba ikalipuka. Mzee Obura alimkumbatia. Hakuna aliyejisifu vizuri kama yeye.

Akainama kurudisha sindano. Akasoma maandishi ya katikati ya santuri. Akachukua jalada, akaligeuza. Akapapasa kwa kidole mkwaruzo alioutia mwenyewe. Kisha akaniuliza, polepole, kasha lake lilifika lini.

Akoth akanijibia. Akamwambia hizi ni santuri za zamani za mume wake, zilikuwa Gilgil. Akasema hivyo kwa fahari.

Kimaiyo alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatano, 11 Agosti

Gurdial hakwenda polisi. Alimwambia bwana mkubwa wa stesheni kwamba mkono ulioharibu santuri ya baba yake ni wake mwenyewe, hawezi kuushtaki. Alichoomba ni kwamba nisisimame tena dukani kwake. Bwana mkubwa hakuwa na moyo huo. Nimehamishiwa kituo kidogo huko juu, kupita Molo. Treni ya Jumamosi.

Akoth hajaimba tangu Jumapili. Leo amezungumza. Amesema hakuolewa na Vienna. Amesema angenipenda hata kama barua zote zingekuwa za ng'ombe. Ila sasa kila nikimwambia ni mrembo, anajiuliza nimelisoma kwenye jalada gani.

 

Kisha akasema: uongo mmoja tena, hata mdogo, na yeye anarudi kwa mama yake. Nikaapa. Nikalia. Akanishika mkono! Mwanamke gani huyu? Sitamdanganya tena maishani.

Ijumaa, 13 Agosti

Tumefunga mizigo. Na ameimba! Wimbo mzima, akikunja mashuka.

Halafu akauliza nyumba ya huko ikoje. Nilitaka kusema sijui. Sijawahi kukanyaga huko. Lakini alikuwa ameacha kukunja, ananitazama kwa yale macho, na nikausikia mdomo wangu ukisema: vyumba vitatu. Taa za umeme. Maji ya bomba ndani kwa ndani.

Akaruka kwa furaha. Kabla sijamzuia, amekwenda kumgawia mke wa Kimaiyo taa yetu ya mafuta na ndoo zote mbili.

Saa kumi Kimaiyo amekuja mlangoni na taa yangu mkononi. Yeye hupita kituo kile mara mbili kwa wiki. Ameniambia nyumba ya karani ni chumba kimoja cha mabati, na maji ni ya mtoni, bondeni huko. Akainamisha kichwa karibu nami. "Sasa karani, nimwambie mimi, au utamwandikia barua?"

Wivu! Nimefunga mlango. Akoth ameuliza kama kuna nafasi ya bustani.

Ipo, nimesema. Ya waridi.