Mfupa wa Mjusi na Supu ya Bi Batuli

Jumatatu, 14 Julai
Kambini porini. Vumbi, mbung'o, na wataalamu wanaosugua mawe kwa brashi za kupakia rangi. Wanatafuta mifupa ya mijusi wakubwa wa kale. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Ignatius, ametutuma walimu wawili, mimi na Madamu Stefania. Kazi: kujibu maswali ya wanafunzi wa kidato cha pili walioko Kivinje, wanaoyatuma kwa simu za wazazi wao kwenye kundi la WhatsApp, na Mkuu mwenyewe yumo. Atakayewasaidia zaidi ndiye Mwalimu wa Taaluma. Taaluma! Ofisi yenye feni na ufunguo wake. Nautaka ufunguo ule mpaka chakula hakipiti.
Kasoro moja. Mtandao haushiki kambini, mpaka upande kilima mwendo wa saa nzima. Stefania kapanda. Magoti yangu yamekataa.

Jumanne, 15 Julai
Nimejitolea kwenda mjini Nangurukuru kununua nyanya za kambi. Gari limerudi na nyanya. Mimi sikurudi. Nimepanga chumba kwa Bi Batuli, muuza supu ya kongoro, miguu ya ng'ombe. Mtandao tele! Maswali kumi na tisa nimeyajibu chapati haijapoa. Majibu mengine nimeyatunga, lakini kwa kujiamini. Stefania kajibu mawili tu, na moja kaandika hajui, atamuuliza mtaalamu. Mwalimu mzima! Nimemwonea aibu.

Jumatano, 16 Julai
Binti mmoja mdadisi, Umi, anaomba kuuona mfupa. Uchokozi gani huu? Bahati nzuri kongoro la leo lilikuwa na mfupa wa haja. Nikauosha, nikaugaragaza kwenye udongo mwekundu, nikaupiga picha palepale mezani. Nikaandika: mguu wa mjusi mchanga, miaka milioni mia moja na hamsini. Mkuu kaweka dole gumba. Ufunguo naunusa.

Alhamisi, 17 Julai
Balaa. Umi kaanza na shikamoo ndefu, nikajua kuna jambo. Kumbe baba yake ana bucha! Mzee kaiona picha, na anauliza kwa heshima zote: mbona huo ni muundi wa ng'ombe, na mbona una alama ya panga? Nikajibu kwamba mijusi wale waliumana sana. Akauliza tena: na ile ndimu pembeni? Nimezima simu. Chaji, nitasema.

Ijumaa, 18 Julai
Mkuu kaamuru: saa nne asubuhi, video ya moja kwa moja, kila mwalimu aonekane kazini. Wazazi wamealikwa darasani. Kambi iko mbali. Lakini nyuma ya banda la Bi Batuli kuna shimo la taka, na limejaa mifupa. Nani kama mimi! Nikashuka na kofia yangu, nikaanza kufundisha. Dakika ya kwanza tamu. Ya pili, baba yake Umi kaanza kuitaja mmoja mmoja: mbuzi, ng'ombe, huo kuku. Ya tatu, Bi Batuli katokea na ndoo ya maji ya vyombo, hakuniona, kaimwaga yote. Kisha kaniuliza, sauti ikafika Kivinje, natafuta nini kwenye taka zake na supu yangu inapoa.
Zamu ya Stefania. Yuko kilimani, pumzi juu juu, kakumbatia kipande cha mfupa alichokabidhiwa na wataalamu. Wakamuuliza ni wa mnyama gani. Kasema bado hawajui, ndiyo maana wanachimba. Darasa zima likapiga makofi. Makofi ya kutojua!

Jumamosi, 19 Julai
Ufunguo kapewa Stefania. Halafu Umi kaniandikia peke yangu: Mwalimu Maftaha, wewe uliwahi kuuona hata mfupa mmoja wa mjusi? Hakuwa akinicheka. Alitaka kujua tu. Nimeumia, kweli nimeumia. Nikaanza kuandika jibu la haki, nikalifuta.
Maana Mkuu anataka maelezo ya maandishi Jumatatu, na nimeshapata. Homa! Homa kali iliyonitoa kambini tangu Jumanne. Ushahidi upo: nimejilaza kwenye kitanda cha Bi Batuli, shuka jeupe, chupa ya maji ikining'inia juu, mrija wa soda nimeubandika mkononi. Picha imetoka safi, nimeituma kundini. Baba yake Umi ni mtu wa bucha, mambo ya dripu atayajulia wapi? Mama yake Umi ndiye muuguzi, lakini simu iliyo kundini ni ya baba, ataionea wapi?