Pampu Iliyomkatiza Msemaji

Lemanatua Siaki,
Msemaji wa Kijiji,
Vailoto, Upolu.
Ijumaa asubuhi

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Koo,
Baraza la Kijiji cha Vailoto.
Kwa mkono wa Katibu, Ndugu Peniamina.

YAH: UTOVU WA ADABU WA PAMPU YA PETROLI NAMBA MBILI

Ndugu Katibu,

Kwa heshima na taadhima naomba uwasomee Waheshimiwa barua hii kesho Jumamosi, wakiwa wameketi kila mmoja kwenye nguzo yake ya nyumba ya baraza, na kabla hawajafika kwenye jambo la tatu la ajenda, yaani kama mimi niendelee kuwa msemaji wa kijiji au kazi hiyo apewe Mulivai. Isome polepole na kwa sauti. Usiruke mahali, maana nakujua kwa kuruka.

Nimekuwa msemaji wa Vailoto kwa miaka kumi na tisa. Nimesimama na fimbo yangu na usinga wangu katika mazishi, harusi na ufunguzi wa makanisa matatu. Mwaka ule wa kimbunga nilisema mpaka paa likang'oka, nikamalizia bila paa. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyenikatiza, kwa kuwa kwetu hata mtoto wa chekechea anajua kwamba msemaji hakatizwi. Wa kwanza kunikatiza katika maisha yangu ni pampu ya petroli. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Pampu ilinikatiza hadharani.

Alhamisi ya wiki iliyopita, asubuhi, nilikuwa safarini kwenda kisiwa cha Savai'i, ambako Ioane, mtoto wa dada yangu Fuatino, alikuwa anatawazwa kuwa mkuu wa ukoo wa baba yake. Upande wa mama husemewa na mjomba, na mjomba ni mimi. Hotuba nilikuwa nimeiandaa miezi miwili. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini ya mstari mwekundu, nikaingia kituo cha njia panda. Mhudumu, mama Litia, alikuwa anajaza basi, kwa hiyo nikashika mdomo wa pampu mwenyewe, nikauchomeka kwenye tangi la pikapu yangu, nikabonyeza.

Pampu ikalia tak, ikaacha. Nikabonyeza tena. Tak. Kila tak ilinipa petroli isiyozidi kikombe kimoja cha chai. Nilihesabu tak ishirini na tatu, Waheshimiwa, mbele ya basi zima la watu wetu waliokuwa wanapeleka majimbi sokoni, na kila pampu iliposema tak, kulikuwa na mtu dirishani aliyeitikia "tak" kwa mdomo wake. Mwingine akapaza sauti: "Mzee Lemanatua, gari limeshiba hilo, lifungulie mkanda!" Na mwanamke mmoja ambaye simtaji, ingawa mumewe ameketi hapo mbele yenu sasa hivi, akamjibu: "Asilisomee hotuba tu, litalala hapohapo!"

2. Nilipewa ushauri.

Litia aliacha basi akaja kwangu. Sikumwita. Akasema, "Mzee, geuza mdomo wa pampu uangalie juu, uone." Nikaugeuza. Tak. "Basi uvute nje kidogo, usiuzamishe wote." Nikauvuta. Tak, na petroli ikanirukia kwenye shuka yangu ya shughuli, ile nyeusi. "Haya, bonyeza nusu, taratibu, kama unamnywesha mtoto dawa." Mimi, mtu wa fimbo na usinga, nikainama nikalinywesha gari dawa. Tak. Akatuma wanaume wanne wa kwenye basi walitikise gari ili petroli ishuke. Wakalitikisa kwa furaha kubwa kuliko ilivyohitajika, nami nikiwa nimeshikilia pampu huku natikisika pamoja nalo.

Mwishowe akaniuliza, "Mzee, tundu la kupumulia la tangi umelitazama? Hewa isipopata pa kutokea, petroli itaingilia wapi?"

Nilicheka, na naamini hata ninyi mnacheka. Tundu la kupumulia! Nilimweleza kwamba gari si nguruwe, halipumui, na kwamba nilikuwa nikiendesha magari kabla yeye hajajua kutembea. Nikamweleza pia historia ya pikapu hiyo tangu iliposhushwa melini. Akaniacha niseme mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya mzee. Wewe ndiye msemaji."

3. Sauti aliyosemea maneno hayo.

4. Pampu ina upendeleo.

Nilipokuwa bado nahangaika, nani aliingia kituoni? Mulivai, na kile kigari chake chekundu, naye anakwenda shughuli ileile kwa kuwa mkewe ana undugu na shemeji zangu. Akasubiri. Akasubiri kwa adabu kupita kiasi, mikono nyuma, kama yuko kanisani. Nilipompisha kwa muda ili nipumzishe kidole, akauchukua mdomo uleule, wa pampu ileile namba mbili, akachomeka, akabonyeza mara moja. Ukanguruma moja kwa moja mpaka tangi likajaa. Tak moja tu, ya mwisho, ya heshima.

Kama pampu ni mbovu, ingekuwa mbovu kwa kila mtu. Haikuwa mbovu kwa Mulivai. Mtu mwenye akili timamu atasema nini hapo, isipokuwa kwamba chombo hiki kimejiingiza katika siasa za kijiji, kimesikia minong'ono ya kunibadilisha hata kabla haijawa jambo la tatu la ajenda, na kimechagua upande? Simtuhumu Mulivai kwamba walikubaliana. Nasema tu kwamba niliwaona wakielewana.

5. Pampu ilisababisha nipewe lifti.

Mulivai akanisogelea na kusema, "Mzee, ingia kwangu, nafasi ipo. Hotuba utaifanyia mazoezi njiani, mimi nitasikiliza." Nikamjibu kwamba pikapu yangu haijawahi kuachwa kituoni kama mgonjwa. Litia naye akadakia, "Lakini mzee, hiyo uliyokwisha kupata inakufikisha bandarini. Ukishavuka, kituo kipo, jaza huko."

Waheshimiwa, niwaulize. Mnawajua shemeji zangu wa Savai'i? Ni watu wa kuchungulia. Wanakukumbatia mlangoni huku mmoja wao yuko uani anachungulia dirishani mwa gari, anaona mshale uko wapi, na kabla kinywaji cha kava hakijakorogwa habari imefika jikoni kwamba upande wa mama umekuja na tangi nusu. Sijawahi kwenda kwenye shughuli na tangi nusu, na sikuona sababu ya kuanza siku mtoto wa dada yangu anapotawazwa. Mulivai akaondoka. Nikaendelea kubonyeza. Mshale ulipogusa juu nikaendesha kwa kasi ambayo si ya umri wangu, na nilipofika bandarini kivuko kilikuwa kimeshapiga honi na kiko majini.

6. Pampu ilinitenga na dada yangu.

Hili ndilo linaloniuma, na naomba hapa Katibu usome taratibu zaidi.

Nilivuka kwa kivuko cha mchana. Nilipofika, kava ilikuwa imeshanywewa, mikeka ya heshima imeshatandazwa na kukunjwa, na wanaume walikuwa wanagawa mapaja ya nguruwe. Upande wa mama ulikuwa umeshasemewa na Mulivai, aliyeombwa asimame mahali pangu. Naambiwa alisema dakika kumi. Dakika kumi! Mtu huagizwa dukani kwa maelezo marefu kuliko hayo. Naambiwa pia kwamba watu walilia, lakini watu wa Savai'i hulia kwa chochote.

Sikuacha aibu hiyo ikae hewani. Nilisimama palepale, nikaweka fimbo chini, usinga begani, nikaeleza kwa muda wa nusu saa yaliyonipata kwenye pampu, tak kwa tak. Katikati ya maelezo, nikiwa kwenye tak ya kumi na nne, dada yangu Fuatino akanyanyuka, akaenda nyuma kwa wapishi, na hakurudi. Nilidhani ameshindwa kuvumilia jinsi kaka yake alivyodhalilishwa. Lakini tangu siku hiyo hajasema nami. Amerudi Vailoto, amepita mbele ya nyumba yangu mara tano, na mara zote tano ametazama upande wa bahari.

Kwetu mwanamume aliyekosana na dada yake hana pa kuweka uso. Mnalijua hilo kuliko mimi. Mke wangu ananiwekea chakula na kuondoka. Nimekuwa mtu wa kulala mapema, na aliyenifikisha hapa ni pampu namba mbili.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naomba mambo machache tu:

(a) Pampu namba mbili ipigwe marufuku katika eneo lote la Vailoto.

(b) Itozwe faini ya katoni hamsini za samaki wa kopo, pamoja na nguruwe jike mmoja mwenye afya ya kutembea mwenyewe mpaka kwangu.

(c) Mwenye kituo aje uani kwangu kabla jua halijachomoza, ajifunike mkeka wa heshima kama afanyavyo mkosaji yeyote anayeomba msamaha, akae hapo na pampu yake mpaka nitakapoamua kuwafunua. Sitafanya haraka. Kama pampu haing'oki, basi akae nayo kulekule kituoni, wafunikwe pamoja, nami nitapita kuwatazama.

(d) Itungwe sheria ya kijiji kwamba kujaza tangi kwa bonyezo moja, mbele ya mtu mwenye shida, ni matusi.

(e) Jambo la tatu la ajenda lifutwe, kwa kuwa sasa imedhihirika kwamba msemaji wenu hakuchelewa bali alicheleweshwa.

Sina zaidi. Nisalimie Waheshimiwa wote kwa vyeo vyao na kwa mpangilio wa nguzo zao. Nisalimie mchungaji na mama mchungaji, kamati ya akina mama, kwaya, na mwalimu mkuu. Wasalimie na abiria wote wa basi la Alhamisi, isipokuwa wale waliokaa upande wa kushoto, ambao najua walivyokaa.

Wenu mtiifu, asiyekatizwa,

Lemanatua Siaki

NYONGEZA. Ijumaa jioni.

Ndugu Katibu, barua ilikuwa imeshafungwa. Nimeifungua tena.

Saa kumi alikuja Fuatino. Hakunisalimia. Alikuwa na Setu, yule fundi wa boti, akamwambia, "Lala chini utazame." Setu akaingia chini ya pikapu yangu. Kuna jambo ambalo sikulitaja hapo juu kwa kuwa sikuona linahusu. Wiki moja kabla ya safari nilichemsha lami iliyobaki baada ya kuziba paa la kanisa, nikalipaka gari chini lote lisiliwe na chumvi ya bahari, na kila tundu nililoliona nililiziba kwa tambara lililochovywa lami. Nilifanya kazi nzuri. Setu amechukua nusu saa kunasua tambara moja kutoka kwenye bomba jembamba juu ya tangi. Lilipotoka, tangi likashusha pumzi. Ndefu, Waheshimiwa. Nilisikia kwa masikio yangu.

Tukaenda kituoni. Tangi lilikuwa limebaki robo, na pampu namba mbili ikalijaza kwa bonyezo moja. Litia alikuwepo. Aliipangusa pampu kwa kitambaa, na ningependa kulalamika lakini sijui niandike nini.

Njiani kurudi nilianza kumweleza dada yangu tabia ya lami inapopoa. Akasema, "Siaki, nyamaza."

Nikanyamaza. Akaniambia hivi, nanakili kama alivyosema: "Mimi sikukasirika kwa kuchelewa kwako. Kivuko kinamwacha mtu yeyote. Nilikasirika kwa sababu ulisimama mbele ya mwanangu siku yake, ukasema nusu saa nzima, na jina lake hukulitaja hata mara moja."

Nilitafuta la kujibu, na mnajua mimi si mtu wa kukosa la kujibu. Nilitafuta toka kwenye daraja mpaka nyumbani. Sikulipata. Nimeona haya, Waheshimiwa, na naliandika hilo bila kulipamba.

Nilitaka kuichana barua hii. Fuatino amesema isichanwe, isomwe yote mbele yenu, bila kuruka. Jambo la tatu la ajenda mpeni Mulivai, na mwenye kituo mwacheni alale kwake.

Mimi kesho sitakuwepo. Napanda kivuko cha kwanza kwenda kumwuliza Ioane siku yake ilikuwaje. Dada anakuja pamoja nami. Amesema atakaa karibu na mlango, na nikifungua mdomo kabla kijana hajamaliza kusimulia, atakohoa. Nimekubali.

L. S.