Baraza la Fedha na Shimo la Ndizi

Jumatatu, 26 Juni 1995
Shule imefungwa kwa wiki mbili. Wajukuu wangu, Iteka wa miaka kumi na mitatu na Bukuru wa miaka tisa, hawajui fedha ni nini. Kosa la mama yao. Binti yangu Ildefonsa anapika hospitalini Biharamulo na kila mwezi hututumia noti bila maelezo yoyote. Mimi nilifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja. Aibu.

Leo nimeunda Baraza la Fedha la Nyumbani. Mwenyekiti: mimi. Karani: Iteka. Mkaguzi: Bukuru. Kanuni ni tisa. Ya nne inasema Mwenyekiti haulizwi.

Mtaji upo: shilingi elfu nne za sare ya Iteka, ndani ya kopo la mke wangu Francisca. Sketi ya zamani imempanda juu ya magoti, na mwalimu mkuu ametangaza kwamba asiye na sare kamili tarehe kumi Julai atarudishwa nyumbani. Fundi Renatus anataka malipo yote Jumamosi, tarehe nane. Siku kumi na mbili zinatosha kabisa. Tutatengeneza pombe ya ndizi na kuwauzia wakimbizi kambini. Elfu nne zitakuwa elfu kumi, na watoto watakuwa wameelimika.

Francisca aliuliza tangu lini pombe ni somo la watoto. Nikamjibu kwamba watoto watashika daftari, si kibuyu. Amekubali kwa sharti moja: Iteka apewe mia tano azishike mwenyewe. Nimempa. Fedha za kupotea.

Jumanne, 27 Juni
Nimenunua mikungu ya ndizi kwa jirani yangu Matiasi, na mtama kidogo wa kuchachulia. Matiasi alitaka kujua mikungu yote hiyo ni ya harusi ya nani. Nikasema ni ya elimu. Alicheka mpaka akaegemea baiskeli yake.

Shimo limechimbwa nyuma ya nyumba. Ndizi zimefukiwa kwa majani, ziive. Karani aliuliza itakuwaje Mwenyekiti akipata hasara. Nikamsomea kanuni ya nne.

Ijumaa, 30 Juni
Iteka hajanunua bidhaa yoyote ya kuuza. Siku nne nzima! Badala yake amekaa barabarani akizungumza na Nyirabahizi, mama wa Kinyarwanda anayetoka kambini kutafuta kuni. Nilimwita nikamweleza kwamba mazungumzo si biashara. Akajibu, kwa adabu, kwamba alikuwa akimuuliza mama yule wanakosa nini huko. Wana mahindi na maharage mpaka wameyachoka. Wanalilia kisamvu, ila hawana vinu vya kukitwangia.

Nikamuuliza iko wapi barua ya maombi ya mradi, kama kanuni ya sita inavyotaka. Hakuwa nayo. Ametumia shilingi mia mbili kununua chumvi. Majani ya muhogo anachuma shambani kwetu, kinu ni cha bibi yake.

Jumamosi, 1 Julai
Shimo limefunguliwa. Ndizi nzuri, njano tupu. Majirani wanne walikuja kunisaidia kukamua, Matiasi akiwa wa kwanza. Sikuwaita, lakini mtu hafukuzi mikono. Juisi imejaza mitungi mitatu. Mtama umetiwa.

Iteka na Bukuru waliondoka asubuhi kwenda kambini na mafungu arobaini ya kisamvu kilichotwangwa, yamefungwa kwa majani ya mgomba. Walirudi na beseni tupu. Nimewaonya wasiizoee bahati.

Jumatatu, 3 Julai
Siku mbaya.

Pombe imeiva. Kabla sijafunika mtungi wa kwanza, Matiasi akaingia na mrija wake mfukoni. Nyuma yake wazee watano, kila mmoja na mrija wake. Shikamoo kwa marahaba, wakaketi. Huku kwetu pombe haitoki nyumbani kwenda kuuzwa kabla majirani hawajaionja, na waliokamua wana mtungi wao. Nilijua. Nimekunywa za kwao miaka thelathini. Lakini katika hesabu zangu sikuiweka desturi hiyo.

Matiasi alisema wamekuja kumsahihishia Mwalimu mtihani wake. Walisahihisha mtungi wa kwanza. Walipoanza wa pili nilisimama kueleza madhumuni ya Baraza. Mzee mmoja akanikabidhi mrija, akaniambia nieleze nikiwa nimeketi.

Jumanne, 4 Julai
Umebaki mtungi mmoja. Matiasi ameupeleka kambini kwa baiskeli, akaniletea shilingi mia sita na salamu. Mkaguzi amewasilisha taarifa yake. Imeandikwa kwamba mitungi miwili ilinywewa na watu saba, Mwenyekiti akiwa mmojawapo. Nimeikataa kwa sababu haina tarehe.

Jumamosi, 8 Julai
Sikupata usingizi mzuri siku zote hizi. Mtoto atasimamishwa langoni kwa ajili ya babu yake, mwalimu mstaafu. Leo nilikwenda kwa Renatus na mia sita zangu kumwomba anisubiri. Nilitayarisha hotuba njia nzima.

Renatus alinishangaa. Sare ilikwisha kulipiwa jana na Iteka mwenyewe, shilingi elfu nne kamili, nyingi zikiwa sarafu. Akaniuliza kama binti yule angekubali kuwafundisha watoto wake. Mimi hakuniomba.

Nyumbani Iteka alinirudishia mia tano za mtaji, kwa mikono miwili, akaniomba nitie sahihi daftarini, ambamo beseni limekwenda kambini kila asubuhi wiki nzima. Bukuru alipata mia mbili za kubeba beseni. Francisca aliniongezea kisamvu. Kitamu, nakiri.

Jumatatu, 10 Julai
Iteka amekwenda shuleni, sketi chini ya magoti, hatua ndefu. Nilimsindikiza kwa macho hadi alipopotea kwenye migomba.

Matokeo ni dhahiri: mbinu yangu ya kufundisha imefaulu. Kilichokosekana ni mitungi tu. Ningekuwa na sita, majirani wangekunywa miwili na minne ingebaki. Mia sita kuongeza mia tano ni elfu moja na mia moja. Nilimwomba Iteka anikopeshe elfu moja nyingine. Akasema niandike barua ya maombi ya mradi. Nimeiandika, kurasa mbili.

Jioni nimechimba shimo jipya, kubwa zaidi, upande wa pili wa nyumba ambako hakuna anayepita. Matiasi amepita. Aliuliza ninachimba nini. Nikamwambia ni siri ya Baraza. Akasema hakuna neno, Mwalimu, atatafuta mrija mrefu zaidi.