Fahali wa Miaka Arobaini na Saba

Jumatatu, 3 Machi 2003. Kitengela.

Nimepata uvimbe. Upande wa kulia, chini ya sikio, pale taya inapoanzia. Mkubwa kama haragwe. Nimeugusa mara kumi na moja tangu asubuhi, na kila nikiugusa naona umekua.

Mimi ni dalali wa ng'ombe. Miaka ishirini nimepitisha mkono chini ya masikio ya ng'ombe wa watu, Kitengela mpaka Kajiado, na tezi iliyovimba naijua hata nikifumba macho. Tezi ikivimba, ng'ombe ana ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Ng'ombe wa ndigana hamalizi mwezi. Sasa vidole vyangu mwenyewe vinaniletea habari zangu mwenyewe. Wacha tu!

Mumbi, mke wangu, sijamwambia. Marehemu kaka yangu Wanyoike alianza hivi hivi, shingoni, mwaka wa tisini na nane. Hakupimwa. Tulisema ni kifua. Hata mazishini tulisema ni kifua. Naogopa. Humu kitabuni naweza kuandika kwamba naogopa.

Hospitali siendi. Watataka damu, na damu ikishatoka itasema yote. Lazima kuwe na njia nyingine. Mimi sijawahi kukosa njia.

Jumanne, 4 Machi.

Nimevaa mafla. Jua la Machi, na mimi na mafla ya sufu! Mumbi ameuliza kama niko na homa. Nimesema ni vumbi la malori. Ameuliza mbona natafunia upande mmoja. Nimesema ni jino tu, niko na karafuu. Afadhali aangalie jino kuliko shingo.

Nimekwenda kwa Odero, afisa wa mifugo, kutafuta ushauri bila kujitaja. Nimemwambia niko na fahali mwenye tezi chini ya sikio. Akauliza kama anakula. Nikasema anakula. Anacheua? Nikasita, nikasema kidogo. Analala? Nikasema hapana, usiku kucha anawaza. Odero akaweka kalamu chini. Akauliza fahali huyo ana miaka mingapi, na kwa kuwa sikuwa nimejitayarisha, nikasema arobaini na saba.

Hakucheka. Hilo ndilo limenitisha. Amenieleza kwa upole, kana kwamba anaongea juu ya fahali kweli, kwamba mwilini kuna maji mengine mbali na damu, yanaitwa limfu. Damu iko na pampu, yaani moyo. Limfu haina pampu. Inasukumwa na miguu ikitembea, na pumzi ikivutwa mpaka chini, na hata ngozi ikipapaswa polepole kuelekea moyoni. Mnyama wa kusimama zizini mchana kutwa hujaa miguu. Na tezi ni kama walinzi wa geti, vijidudu vikipita hapo vinakamatwa, ndiyo maana zinavimba. Akamaliza kwa kusema fahali huyo apelekwe hospitali ya watu. Lakini mimi nilishaacha kusikiliza kwenye neno pampu.

Haina pampu! Basi pampu nitakuwa mimi mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi.

Mpango: kutembea saa mbili kila siku. Maji lita nne. Kusugua ngozi. Kabla ya Jumapili tezi itakuwa imekwisha na hakuna atakayejua.

Shida ya Kitengela ni kwamba mtu mzima hawezi kutembea bure. Kabla sijafika kona ya kwanza watu watatu wameniuliza gari limeharibikia wapi. Mmoja amekunja mikono ya shati, tayari kuja kusukuma. Mama wa mboga ameniuliza nani amefariki.

Nimepata suluhisho. Keynan, yule muuza mbuzi ambaye amekuwa mshindani wangu sokoni tangu alipohamia hapa, hutembea na mbuzi wake kila asubuhi. Nimejiunga nao kwa nyuma, kama mtu aliye na shughuli. Keynan amefurahi mno. Amenipa fimbo. Tulipofika barabara ya lami amenipigia kelele nimzuie yule beberu mweusi asivuke. Nimemzuia. Sokoni ameninunulia chai mbele ya watu wote, akanishukuru kwa kazi nzuri, akaniuliza kama kesho pia nitakuja. Mimi, dalali!

Juu ya zile lita nne sitaandika mengi. Soko zima lina choo kimoja.

Ijumaa, 7 Machi.

Jana sikuandika. Miguu. Tezi bado iko palepale, hata nahisi imenuna. Nadhani ni kwa sababu sijasugua inavyotakiwa. Leo nimechukua brashi ya Mumbi ya kufulia nikajisugua bafuni, viganja mpaka makwapa, vifundo mpaka mapajani. Baadaye nimekumbuka kwamba Odero alisema kupapasa. Nimetoka mwili mzima unawaka. Mumbi ameuliza nimepigwa na nani. Nimesema ni upele. Amenipaka mafuta mgongoni, na mkono wake ulipokaribia shingo nimeruka. Hakuuliza tena. Laiti angeuliza.

Basi nikaamua dawa yenyewe ya ndigana. Kwa nini nizunguke? Dawa ile hupimwa kwa uzito. Saa saba mchana, watu wakiwa wameenda kula, nimeingia kwenye mizani ya ng'ombe pale sokoni nikajifungia. Geti likakwama. Ole wangu! Keynan ndiye wa kwanza kutokea. Amesoma kilo zangu kwa sauti, kisha akawaita wenzake waje wataje bei. Wamekuja. Wametaja! Aliyepandisha bei juu kabisa alitoa beberu mmoja na maziwa ya ngamia, na huyo pia akajirudi aliponiangalia miguu.

Odero amekuja na nyundo kunifungua. Amenivuta kando akaniambia kwamba dawa ile si ya mwili wa mtu, inaweza kuniua kabla ya hicho ninachokiogopa, na kwamba ameshapita kwenye maduka yote ya dawa za mifugo akataja jina langu, wasiniuzie. Nimemwambia amenivunjia heshima. Amesema afadhali heshima kuliko maisha.

Jumapili, 9 Machi.

Sikutembea leo. Nimekaa kiti cha nyuma kanisani, na mafla yangu.

Nimemfikiria Wanyoike. Mwishoni alikuwa akijifunga taulo shingoni, hata akiwa ndani ya nyumba. Akisema ni baridi, mimi nilikuwa nafunga dirisha. Nilijua si baridi. Nilimwona anajificha nami nikamsaidia kujificha, nikidhani huko ndiko kumpenda. Laiti ningemshika mkono tukaenda wote. Labda ingekuwa ni kifua kweli. Mpaka leo hatujui.

Ciku wetu, binti yetu wa pekee, yuko kidato cha pili. Nimehesabu miaka aliyobakisha shuleni. Sijui kama nitaifikia, na sikuweza kuimba wimbo wa mwisho.

Jumanne, 11 Machi. Kajiado.

Siku ya aibu kubwa. Naandika yote.

Nilikwenda sokoni kumtazama mtamba wa mama mmoja anaitwa Naserian. Mtamba mzuri, mwenye afya. Sasa, mimi niko na mbinu yangu. Mtamba akiwa mzima, napitisha mkono chini ya sikio, nasimama kidogo, halafu naguna. Mguno huo nimeufanyia mazoezi miaka mingi. Mwenye ng'ombe akiusikia anaanza kuogopa ndigana, na bei inashuka yenyewe bila mimi kusema uongo hata mmoja.

Nimesalimia kwa Kimaasai, sopa mama, akaitikia, ipa. Nimepapasa, nimeguna. Naserian hakuogopa. Ameniangalia mimi, si mtamba. Akauliza mafla ni ya nini. Kabla sijajibu ameivuta ikatoka, na mkono wake ulikuwa tayari chini ya sikio langu, ukibonyeza vilevile ninavyobonyeza. Akaguna! Akageuza sikio langu akachungulia ndani. Halafu akanishika taya kama tunavyomshika ng'ombe tukitaka kujua umri wake kwa meno, akanifungua mdomo hapo hapo, soko zima likitazama. Akarudi nyuma hatua mbili.

Akawaambia watu kwamba huyu dalali akiona tezi imevimba kwa ng'ombe, anajua kutafuta kupe sikioni. Ikivimba kwake mwenyewe, hatafuti kitu kilicho mdomoni. Jino limeoza mpaka chini, alisema, na harufu yake ingemtia mtamba wake ugonjwa. Keynan, ambaye alikuwa amefika na mbuzi wake, ameuliza kwa sauti, kwa meno hayo mnyama ni wa miaka mingapi. Wamecheka mpaka wengine wakashika nguzo.

Naserian hakucheka. Alinong'ona kwamba jino peke yake halimwogopeshi mtu hivi, akauliza ni nani aliyekufa. Sijui alijuaje. Nimemwambia ni kaka yangu. Akanishika mkono, akamchukua mtamba kwa kamba, tukaenda watatu mpaka kliniki.

Jumatano, 12 Machi.

Shavu limejaa pamba, lakini mkono unaandika.

Jana jino lilitolewa. Nililia, lakini si kwa sababu ya jino. Nesi, mama mpole, aliniuliza kama kuna kitu kingine kinanisumbua, na nikamwambia yote, Wanyoike na taulo na kila kitu. Alisema wanaweza kunipima, lakini hakuna atakayenilazimisha. Nikasema hapana. Nikasimama. Nikakaa. Nikasema ndiyo.

Dakika ishirini. Sijawahi kuona dakika ndefu hivyo, hata ndani ya ile mizani. Kisha akaniita, akaniambia sina virusi. Sina! Tezi ilikuwa ikifanya kazi yake tu, ikipigana na uchafu wa jino. Alisema kutembea ni kuzuri na maji ni mazuri, niendelee na hayo kila siku, ila niache kuibonyeza tezi, na brashi nimrudishie mwenyewe. Na uvimbe wowote, mahali popote, usiopungua, mtu aje aonwe, asikae nyumbani na hofu yake. Nimeitikia kwa kichwa. Mdomo ulikuwa umekufa ganzi.

Naserian alikuwa dirishani akijifanya anamwangalia mtamba.

Jioni nimemwambia Mumbi kila kitu. Halafu amesema, Baba Ciku, tangu tumzike Wanyoike nimengoja mtu wa nyumba hii aongee ukweli juu yake. Tumelia wote wawili. Naandika hapa kwamba kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Jumatatu, 24 Machi.

Tezi imekwisha! Nimeitafuta kwa vidole vitano, hakuna.

Nimetafakari sana jambo hili, na kwa haki kabisa siwezi kusema ni jino. Jino lilisaidia, sikatai. Lakini nani alitembea nyuma ya mbuzi? Nani alikunywa lita nne? Nani alijisugua? Nimewaeleza watu sokoni, na wawili wameonyesha kupendezwa. Nimeandika programu ya mwezi mzima kwenye karatasi kubwa ya ukutani, kwa kalamu nyekundu: limfu haina pampu, wewe ndiye pampu. Keynan amesema yeye atatoa mbuzi.

Leo asubuhi Mumbi amekaa kitandani karibu nami. Amesema naye yuko na uvimbe, kwapani, tangu Januari. Mgumu, hauumi, haupungui. Hakuniambia kwa sababu kwanza alidhani utapungua, halafu akaniona na woga wangu, akaona tusiogope wawili. Ameuchukua mkono wangu akauweka hapo. Niliupata mara moja.

Nashukuru Mungu kwamba mtu wa kumsaidia yuko humu humu ndani. Nimemwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo, atulie, tusikimbilie kliniki kupanga foleni. Nimeteremsha ile karatasi ukutani nikamsomea yote, wiki ya kwanza mpaka ya nne.

Ameniangalia. Ameniangalia sana. Halafu amevaa viatu, amechukua leso na kadi yake ya kliniki, ametoka. Nimemtazama mlangoni mpaka alipokata kona ya kwenda steji ya magari ya Kajiado. Anatembea kwa kasi, na mikono anairusha vizuri. Kwa siku ya kwanza ya programu, si mbaya hata kidogo.