Mnara wa Tangi la Gumbo

Jumatatu, 2 Machi 2009
Kanisa letu la Gumbo linataka mnara wa tangi la maji, kando ya darasa la nasari. Kazi ingekuwa yangu kama si Kizza, fundi kutoka Uganda. Mnara aliouchora yeye ni mfupi kama stuli. Wangu utaonekana hadi ng'ambo ya daraja! Mama Nyaboth, mwenyekiti wa kamati, hajasahau tetemeko la 1990. Anauliza ni upi utakaosimama. Nimeahidi kumwonyesha Ijumaa.

Jumanne, 3 Machi
Nimetengeneza mifano miwili ya vyuma, kopo la maji juu ya kila mmoja. Nikatikisa meza harakaharaka. Wa Kizza ukaruka kama una homa. Wangu mrefu karibu haukujali. Kalas, imekwisha, nimeshinda.

Jumatano, 4 Machi
Chakula cha mchana kwenye mgahawa wa Babirye. Nikamsimulia Daphine, mhandisi wa barabara. Hakupongeza. Anasema karibu na ufa, pale ardhi ilipopasuka, tetemeko laweza kuja kama msukumo mmoja mkubwa, wa polepole, kwenda na kurudi. Nikauliza msukumo mmoja una nini kuushinda mtikiso wa mfululizo. Akasema mnara mrefu huyumba polepole. Msukumo ukienda mwendo huohuo, unaubeba mzima mzima. Ajabu! Sikuweza kula. Nikaisukuma meza ya Babirye haraka, kisha polepole. Chupa za soda zikaanguka. Nimefukuzwa.

Alhamisi, 5 Machi
Nimeamua: kamati itaona mtikiso wa haraka tu. Mengine ni ya wahandisi.

Ijumaa, 6 Machi
Nilitikisa, wakapiga makofi. Kumbe Kizza amemwalika Daphine! Akaomba nafasi, akaisukuma meza mara moja, akairudisha. Wa Kizza ukasimama. Wangu ukapinda miguu, kopo likammwagikia Mchungaji Paulino.

Mama Nyaboth hakucheka. Alitazama lilikoangukia kopo, kisha akanitazama.

"Wiyual, kule kiwanjani, upande huo ndiko wanakokaa watoto."

Kazi kapewa Kizza, na mnara utajengwa mbali na darasa.

Jumapili, 8 Machi
Usingizi umenipotea tangu juzi. Nimetafakari sana, nimeona kosa langu. Kanisa la Buluk linataka mnara wa kengele. Nimewachorea mrefu kuliko ule wa kwanza. Safari hii hakuna majaribio, na Daphine nitamwalika siku ya uzinduzi tu.