Kinyozi na Mistari Saba ya Ubavu wa Kulia

Sogeeni, enyi mlio karibu, na mlio mbali tegeni masikio; mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, na aliyeteleka chai aiepue kwanza, kwa maana habari niliyo nayo haisimuliwi kwa kukatizwa katizwa. Nitasimulia vita vya Jumamosi asubuhi, vilivyopiganwa katika yadi ya boti baina ya Kinyozi, Simba wa Mashine Mbili, aliyeinamisha vichwa vya wakubwa kwa wadogo bila kumwaga damu (ila mara moja tu, na yule mteja alipiga chafya mwenyewe), na Mistari Saba Myeusi iliyojichora ubavuni mwa boti ya tanga ya baba mkwe wake. Ewe ulimi wangu, usiniangushe leo.

Boti yenyewe ilikuwa ya faiba, nyeupe, ndefu kama vitanda vitatu vilivyounganishwa, na mwenyewe alikuwa Daktari wa Meno mstaafu, mzee ambaye hata harusini humtazama bwana harusi meno kabla ya kumpa mkono. Miaka sita mizima Kinyozi alipandishwa boti ile akakalishwa mbele, pale panapowekwa mizigo, huku mashemeji zake wakipokezana usukani na kumwambia, "Shemeji, hebu egemea huku kidogo, uzito wako unatusaidia." Loo! Mwanamume mzima kusifiwa uzito! Ilimuuma, tena ilimuuma hasa.

Basi wiki moja kabla ya siku hiyo mzee alimkabidhi boti aitunze, akatamka neno zito: "Jumamosi saa sita ukoo wote utakuwa gatini. Nikiikuta haina doa, usukani ni wako. Nikikuta doa, tutaendelea kama kawaida." Kinyozi hakulala usiku ule kwa furaha.

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Pale gatini boti hukingwa na ukuta kwa matairi yaliyoning'inizwa, na mkewe, binti wa Daktari, alikuwa ameyavisha matairi yale mashuka makuukuu yasichafue faiba. Wapita njia wakaona, wakacheka: "Kinyozi, leo umefua? Na foronya ziko wapi?" Shujaa wetu, ambaye haogopi wembe wala mkasi, akaogopa kuchekwa, akayavua mashuka. Siku mbili upepo ukaisugua boti kwenye matairi matupu, na Jumamosi saa mbili, walipoivuta juu ya toroli hadi yadini, ubavu wa kulia ulikuwa na mistari saba, myeusi ti, kila mmoja mpana kama mkanda wa suruali.

Kinyozi akasimama mbele ya adui, mkono kiunoni, kifua mbele, akanena kwa sauti ya kutikisa mabati: "Enyi Saba, wana wa tairi! Mmekuja bila kualikwa, mtaondoka bila kuagwa! Mimi nimeshinda mba, nimeshinda chawa, nimeshinda kichwa cha mtu aliyelalia chingamu! Ninyi ni akina nani mbele yangu?"

"Ni mpira tu," akajibu mkewe, aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akinywa chai yake. "Na saa hazitakusubiri, mume wangu. Anza."

Akaanza. Kwanza akatuma jeshi la maji na sabuni, povu likapanda hadi viwikoni, na lilipotiririka likashuka, mistari ikaonekana inang'aa kuliko mwanzo, kana kwamba ameiogesha ili ipendeze. Akarudi na unga wa kusugulia sufuria. Ukamwagika chini kwa aibu bila kumjeruhi hata mmoja. Ndipo shujaa, jasho likimwingia machoni, akanyakua steelwulu, ile sufi ya chuma ya kukwangulia masizi, akaiinua juu ya kichwa chake.

"Weka chini!" Mkewe alikuwa keshamdaka mkono, chai imemwagika. "Utaikwaruza! Weusi unafutika, mkwaruzo haufutiki!"

Akaiweka chini. Akakaa hapo hapo kwenye maji ya sabuni, suruali ikaloa, na wala hakujali. "Basi," akasema. "Nitakaa na mizigo mpaka nizeeke. Watoto wetu watanikuta pale pale mbele."

Mkewe akamwonea huruma, kwa maana alimpenda, pamoja na ubishi wake. "Hebu niambie. Mashine zako za kunyolea, unazifuta kwa kitu gani?"

"Spiriti."

Wakatazamana. Nani angejua kwamba chupa iliyoburudisha visogo elfu iliumbwa kwa ajili ya siku hii! Kitambaa kikalowa, kikapita juu ya mstari wa kwanza, kikatoka cheusi kama sakafu ya gereji. Mpira ulilainika, ukajikunja, ukasalimu amri. Kikabaki kivuli cha kijivu, king'ang'anizi, na hapo ndipo binti wa Daktari alipokwenda nyumbani mbio akavuta sanduku uvunguni mwa kitanda.

Maana katika ukoo ule, mkono mtupu haulambwi: yeyote aliyemtembelea Daktari, awe mgeni, jirani au fundi bomba, aliondoka na mswaki na dawa ya meno, na Kinyozi, kwa miaka sita ya ukwe, alikuwa amejaliwa tyubu thelathini na nane, zote sandukuni mle pamoja na miswaki yake.

"Kwa duara," mkewe akamwelekeza, naye ameshika mswaki wa pili. "Ndogo ndogo. Usisugue kama unaua nyoka. Baba alinifundisha hivi kabla sijajua kusoma."

Duara kwa duara wakasonga mbele. Miswaki minne ikavunjika ikiwa kazini, Mungu aipe kheri. Kufikia saa nne mistari yote saba ilikuwa imelala, na Kinyozi akarudi nyuma hatua kumi autazame ushindi wake.

Ole! Palipokuwa na mistari saba myeusi, sasa palikuwa na mistari saba myeupe, weupe wa kuumiza macho, na hapo ndipo ilipobainika kwamba sehemu nyingine ya boti haikuwa nyeupe hata kidogo. Ilikuwa na rangi ya meno ya mvutaji. Mkewe alicheka hadi akashika ubavu. Kinyozi hakucheka, alifungua tyubu nyingine.

Saa sita kasorobo ubavu wa kulia ulikuwa mpya kama umetoka dukani, tyubu zote thelathini na nane zimekauka, ubavu wa kushoto haujaguswa, na langoni mzee anaingia, ukoo mzima nyuma yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hii boti ya nani?"

"Yako, Baba."

Mzee akavaa miwani. Akapitisha kidole ubavuni, akakinusa. "Dawa ya meno," akasema. Mashemeji wakakonyezana.

Kinyozi angeweza kuusingizia upepo. Hakuusingizia. Akajinyoosha, suruali yake bado mbichi, akanena: "Baba, nilivua mashuka kwa kuogopa kuchekwa. Matairi yakachora. Nimefuta, nikafuta kupita kiasi, na upande wa pili sijaugusa. Doa lipo, Baba. Sasa ni nusu nzima ya boti."

Mzee akazunguka upande wa kushoto, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Miaka kumi na minne naiosha boti hii kila mwezi, nikisema ndiyo rangi yake. Mimi! Niliyewaambia watu maisha yangu yote, hiyo si rangi ya meno yako, huo ni uchafu!" Shemeji mmoja akacheka, mzee akamtazama, kicheko kikakatika. "Doa nimelikuta, ila ni langu. Boti ishushwe majini, nawe panda, shika usukani. Na sikiliza: ubavu wa kulia ndio uelekee gati. Wa kushoto asiuone mtu."

Ndivyo ilivyokuwa, enyi mliosikia. Siku ile boti ilipita mbele ya gati mara tano, mara zote ikitokea upande ule ule, ikienda kugeukia mbali kusikofika macho, na mashangazi wakapiga vigelegele wakiapa hawajaona weupe kama ule. Na iandikwe, isifutwe kwa sabuni wala spiriti: mkono uliozoea visogo ulishika usukani, na Daktari wa Meno, ambaye wanawe wakishika usukani husinzia kwa jicho moja, siku ile alifumba yote mawili, akakoroma.